Kitambaa cha meza ya pool nyumbani: namna ya kukitunza ukiwa kandokando ya ziwa

Kitambaa cha meza ya pool hakimalizwi na mchezo. Mipira kubiringika juu yake ndiyo kazi kilichotengenezewa. Kinachokimaliza ni unga: unga wa chaki, vumbi la barabarani na poda ya mikononi huzama katikati ya nyuzi na kukaa humo, na kila mpira unapopita juu nyuzi zinasagwa kidogo. Muuaji wa pili ni mwenye meza mwenyewe, siku anapoamua kufanya usafi wa nguvu akashika ndoo, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Kwa hiyo shika haya mawili kabla ya mengine yote: unga utolewe mapema ukiwa mkavu, na maji yawe njia ya mwisho kabisa.

Sisi wa Mwanza tuna ya ziada. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, mwenye nyumba Buswelu au Igoma anajua vumbi linavyoingia hata dirisha likiwa limefungwa. Vuli na masika zikifika, unyevu unatawala. Na kuna usiku ambao wale vijidudu wa ziwani, wasiouma lakini wengi kama moshi, wanafuata taa na kudondoka popote penye mwanga, meza yako ikiwemo. Yote haya yana dawa, na nyingi ni ya bei ndogo.

Jua kwanza una kitambaa gani

Vitambaa vya meza viko vya aina kuu mbili. Cha kwanza kina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, kama koti zito la sufu. Ndicho cha meza za snuka, mchezo ulio ndugu wa pool, na meza nyingi za pool za mtindo wa Kiingereza. Cha pili ni laini kisicho na vinyweleo, kimefumwa kwa nyuzi zilizochanwa vizuri, na mipira hukimbia zaidi juu yake. Kampuni ya Iwan Simonis ya Verviers, Ubelgiji, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1680, inajulikana kwa aina hii ya pili. Kitambaa chake cha 860, kwa mfano, ni sufu asilimia 90 na nailoni asilimia 10.

Kuvitofautisha ni rahisi. Pitisha kiganja juu ya meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha urudi. Ukiona kwenda ni laini na kurudi kuna ukinzani, kina vinyweleo, na ule upande uliokuwa laini ndio mlalo wake. Ukumbuke, maana brashi na pasi vyote vitafuata mlalo huo.

Kuna aina ya tatu isiyoandikwa kwenye maboksi: kitambaa cha makochi. Meza iliyostaafu baa mara nyingi imeshapita kwa fundi sofa, naye kwa nia njema kabisa amewamba kile alichokuwa nacho. "Kaka, hiki ni kigumu, hakichaniki leo wala kesho," atakwambia, na hadanganyi. Ila mpira juu yake huenda kama umefungwa jiwe. Ukitaka kuhakiki, vuta uzi mmoja kutoka kwenye ukingo uliokunjiwa chini ya meza, utoke nje ya nyumba, uuguse kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukikuta mchanganyiko, utapata vyote viwili kwa kiasi.

Angalia pia kilicho chini ya kitambaa. Meza nzito zina jiwe la sleti; za bei nafuu zina ubao wa MDF, yaani wa unga wa mbao uliogandamizwa. Ubao huo ukinywa maji huvimba, na uvimbe haurudi.

Chaki si chaki

Jina linatudanganya. Ile ya ubaoni ni kitu laini, lakini hii ya kusugua ncha ya fimbo ni mchanganyiko wa silika na madini magumu yenye kukwaruza, mchanganyiko ambao Wamarekani William Spinks na William Hoskins waliuandikia hataza mwaka 1897. Ndiyo maana ncha inashika mpira badala ya kuteleza. Sasa fikiria unga huo ukilala kwenye kitambaa na mpira wa gramu 160 hivi ukipita juu yake jioni nzima.

Hivyo anzia kwenye tabia kabla ya vifaa. Mchezaji apake chaki akiwa amerudi hatua moja nyuma, si akiwa ameinama juu ya meza. Asiipulize ncha kuelekea kitambaa. Chaki ikiwekwa ukingoni, uso uliochimbika uangalie juu, maana ukilalia ubao unaacha duara la unga ambalo mkono wa mtu utalifagilia mezani. Nunua chaki ya rangi ya kitambaa chako: kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Haikwaruzi pungufu, ila alama zake hazitaonekana kutoka mlangoni.

Poda ya mtoto ambayo wengi hupaka ili fimbo iteleze mkononi ni balaa jingine. Inaacha alama za viganja nyeupe, na hewa ikiwa na unyevu inashikamana na chaki na kuwa tope jembamba. Glavu ya vidole vitatu inafanya kazi ileile bila uchafu. Na kijana wa jirani akipita na "Shikamoo mjomba, naomba tucheze kidogo", mkaribishe, ila anawe mikono kwanza kwa sabuni na kuikausha. Mafuta ya dagaa wa kukaanga hayaonekani siku ya kwanza. Yanaonekana wiki ya tatu, yakiwa yameshakamata vumbi na kuwa doa jeusi.

Kupiga brashi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukifanya hili baada ya kila jioni ya mchezo, mengine mengi ya mwongozo huu hutayahitaji.

Brashi inayofaa ni ya meza, yenye nywele laini za farasi na ncha ndefu kidogo pembeni za kuingia chini ya raba, zile kingo za ndani zinazorudisha mipira. Ukiikosa, brashi mpya laini ya koti inatosha. Brashi ya kiatu iliyowahi kugusa rangi isikaribie, na ya plastiki ya kufulia iache bafuni.

1. Toa mipira yote. Washa taa ya juu au fungua pazia, uone unachofanya.

2. Anza na raba zenyewe. Piga brashi kwa mapigo mafupi kutoka juu kushuka, ukizunguka meza nzima.

3. Ingiza ncha ya brashi chini ya mdomo wa raba, pale inapokutana na meza, uvute unga utoke nje kuja kwenye uwanja. Hapa ndipo pachafu kuliko pote. Usiniamini mimi, chukua leso nyeupe, uifunge kidoleni, upitishe kwenye kona hiyo kwa urefu wa kiganja. Utaona mstari wa bluu au kijani, mnene katikati na hafifu pembeni, na ndani yake punje ndogo zinazong'aa ukizielekeza kwenye mwanga. Punje hizo ndizo zinazokata nyuzi.

4. Sasa uwanja. Simama upande mnaopasulia mipira na upige brashi kuelekea upande mnaopanga pembetatu, mistari iliyonyooka, kila mstari ukipandia kidogo ule uliotangulia. Kitambaa chenye vinyweleo huwambwa mlalo ukielekea huko. Kama kiganja kilikwambia kwako ni kinyume, fuata kiganja. Mkono uwe mwepesi. Usizungushe brashi na usiende na kurudi; unachofanya hapo ni kuzika unga badala ya kuutoa.

5. Mwishoni utakuwa na kimstari cha unga chini ya raba ya mwisho. Usiusukumie kwenye mashimo ukadhani umemaliza, kwa sababu mipira itaurudisha. Ukusanye kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kilichokamuliwa hadi kisitoe tone.

Kitambaa kisicho na vinyweleo hakijali sana mwelekeo, lakini mstari mmoja ulionyooka unabaki kuwa mzuri kwake pia.

Mashine ya kufyonza vumbi inasaidia kwa kitambaa laini, mara moja baada ya muda, ikiwa na kichwa cha brashi na nguvu ikiwa ya chini kabisa. Isikokote wala kuinua kitambaa juu ya jiwe. Kwa kitambaa chenye vinyweleo mimi ningeiacha kabisa isipokuwa kwenye mashimo na chini ya raba. Kitambaa kipya cha sufu kitatoa vijinyuzi na vidonge vidogo majuma ya mwanzo. Usivinyofoe, vikate kwa mkasi mdogo.

Mipira huosha meza, au huichafua

Watu wanahangaika na kitambaa huku mipira ina utando wa chaki na jasho. Mipira michafu huurudisha uchafu uleule kwenye kitambaa kila inapobiringika. Ioshe kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, mmoja mmoja kwa kitambaa laini, suuza, kausha kabisa, halafu ngoja kidogo kabla ya kuirudisha mezani. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, mchanga wa kusugulia sufuria wala chuma. Weka taulo chini ya beseni. Mpira ukidondoka kwenye sakafu ya saruji unapata kovu, na kovu hilo litakuwa linakwaruza kitambaa kila siku.

Ukingo wa mbao nao una mtego wake. Dawa ya kung'arisha mbao ipulizie kwenye kitambaa cha mkononi ukiwa mbali na meza. Hali kadhalika dawa ya kuua mbu: nyingi zina mafuta ndani, na matone yake yakitua kwenye sufu ni doa la kudumu. Kama lazima upulizie chumba, funika meza kwanza.

Kikimwagika

Soda, bia au chai ya maziwa ikimwagika, mkono wa kwanza usisugue. Kandamiza. Chukua taulo nyeupe kavu la pamba, liweke juu ya doa, bonyeza kwa kiganja, inua, geuza upande mkavu, bonyeza tena, hadi taulo litoke kavu. Taulo la rangi litakuachia rangi yake. Fanya kazi kutoka ukingoni mwa doa kwenda katikati ili lisitanuke.

Kilichokuwa na sukari kitabaki kinanata. Hapo tu ndipo maji yanaingia: kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa sana, unagusa na kukausha kwa zamu. Tumia maji yaliyochemshwa na kutulia. Maji ya bomba yanayorudi baada ya kukatika siku nzima huja na tope, na yataacha duara la kahawia kubwa kuliko doa lenyewe. Doa likigoma, tone moja la sabuni ya maji isiyo na klorini kwenye lita nzima ya maji linatosha, na lijaribie kwanza kwenye ukingo uliofichika chini. Acha pakauke penyewe kwa hewa. Ukiweka moto wa karibu wa kukaushia nywele, sufu inaweza kusinyaa mahali hapo tu, na utakuwa na kibonde kisichoondoka.

Mengine kwa haraka. Damu ni maji baridi, kamwe si ya moto. Bigijii igandishe kwa barafu ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ivunje na kuibandua. Mafuta ya samaki yanyunyizie poda isiyo na rangi, uache kwa saa kadhaa, upige brashi. Naam, poda ileile niliyoisema vibaya hapo juu, lakini hapa ina kazi na inaondoka ikishamaliza. Nta ya mshumaa, kwa zile jioni za umeme kukatika, iache igande, ivunje kwa ukucha, halafu weka karatasi nyeupe ya kunyonya juu ya mabaki na uipitishie pasi ya vuguvugu, ukibadilisha karatasi kila inaponyonya.

Ziwa na kitambaa

Sufu hunywa unyevu wa hewani. Inaweza kubeba hadi theluthi moja hivi ya uzito wake na bado mkono usiuhisi umajimaji. Mipira itahisi kabla yako: itapunguza mwendo na kukata kona vibaya. Kwenye mashindano makubwa ya snuka Uingereza huwekwa hita chini ya jiwe ili kitambaa kikae kikavu. Sisi tunatumia hewa. Fungua madirisha ya pande mbili mchana jua likiwa limechomoza, na uyafunge kabla ya magharibi. Feni ya dari siku za masika inafanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Meza isigusane na ukuta, hasa nyumba za vilimani ambako ukuta wa nyuma umeegemea mwamba na mvua ikinyesha unatoa jasho.

Kifuniko ni lazima, lakini si chochote. Turubai la plastiki lililobana juu ya kitambaa chenye unyevu linaotesha ukungu. Shuka zito la pamba linapumua, na kwa vumbi la kawaida linatosha; turubai liweke juu ya shuka siku unazosafiri, baada ya meza kukauka. Shuka lenyewe likung'utwe nje. Ukilivua kwa kulikunja kuelekea ndani, vumbi la juu linatoka nalo.

Jua nalo ni adui wa kimya. Kwenye nyumba zinazotazama ziwa jioni, miale ya kuelekea machweo inaingia bapa na kufika mezani moja kwa moja. Kitambaa hupauka upande mmoja na nyuzi zinakuwa kavu. Pazia zito linamaliza hilo.

Wale vijidudu wa ziwani sasa. Ukiwaona wameanza, zima taa ya meza, funga dirisha, washa taa ya nje mbali na mlango, wataifuata. Waliokwisha kutua usiwapanguse kwa mkono. Mwili wao ni maji matupu, na ukiuminya unaacha alama ya kijani-njano inayopenya kwenye sufu. Waache wafe na wakauke hadi asubuhi, watatoka kwa brashi kama makapi.

Nondo hula sufu kweli. Si mdudu mzima bali viwavi wake, na wanapenda giza la chini ya raba na kwenye kunjo za chini ya meza. Kupiga brashi mara kwa mara kunawasumbua vya kutosha. Kwa meza isiyochezwa miezi mingi, ning'iniza vidonge vya nondo ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa chini ya meza, visiguse kitambaa, na watoto wasivifikie.

Pasi

Ni kwa kitambaa chenye vinyweleo pekee, tena baada ya brashi, kamwe si kabla. Ukipiga pasi juu ya chaki unaipika ndani ya nyuzi. Pasi ya umeme, bila mvuke, tanki la maji likiwa tupu, kwenye alama ya sufu au chini yake. Ijaribu kwenye gazeti: karatasi ikibadilika rangi, ni kali mno. Pitisha kwa kufuata mlalo, mistari mirefu isiyosimama, kisha inyanyue urudi mwanzo. Usiguse raba. Kama jiwe la meza ni la vipande na viungo vimezibwa kwa nta, pita haraka zaidi hapo. Pasi ya mkaa, hapana. Cheche moja tu na umeshatoboa uwanja.

Yasiyosafishika

Vidoa vyeupe vidogo pale mpira mweupe unapowekwa kupasulia si uchafu. Ni kuungua: mpira ukipigwa kwa nguvu huteleza kabla ya kubiringika, na msuguano unachoma ncha za nyuzi. Hakuna sabuni itakayovitoa. Unachoweza ni kuvipunguza kwa kubandika kibandiko chembamba mahali hapo, kuhamisha kidogo mahali pa kupasulia, au kuweka kipande cha kitambaa chini ya mpira mweupe wakati wa kupasua tu.

Mchaniko mdogo karibu na raba unaweza kuvumiliwa kwa kiraka cha kujibandika. Katikati ya uwanja hapana. Mpira utapinda kila unapopita. Kitambaa kikianza kung'aa kama suruali iliyokaliwa sana, au ukiweza kukibana kwa vidole viwili na kukiinua katikati ya meza, brashi haikisaidii tena.

Siku ya kubadilisha, kazi ya fundi sofa anaiweza vizuri, mradi umsimamie mambo matatu. Kitambaa kiwe cha meza, si cha makochi. Mlalo uelekee upande wa pembetatu, na vipande vya kufunika raba vikatwe kutoka kitambaa hichohicho. Jiwe lifagiliwe kwanza hadi liwe safi, maana punje moja ya mchanga chini ya sufu itajionyesha milele, kisha kitambaa kivutwe kikaze sawasawa pande zote. Wakati meza iko uchi, mwambie aweke pima maji kwenye kona zote nne. Na vipande vinavyobaki asivibebe: vitakufaa kujaribia pasi na sabuni kabla ya kuvigusisha mezani.